Neno la Herufi Tano: Mchezo wa Kukisia, Alama Zake na Swali la Neno ni Nini

Tangu somo la kwanza la mofolojia, mwanafunzi wa Kiswahili huulizwa neno ni nini. Hujibu kwa fasili aliyoikariri, hupata alama zake, kisha swali hulala hadi mtihani mwingine. Ni nadra kumwona mtu akilihitaji jibu hilo katika shughuli za kila siku. Hata hivyo, umezuka miaka ya karibuni mchezo wa simu na tarakilishi ambao hauwezi kuchezwa, sembuse kuhesabiwa alama, kabla ya swali hilo kujibiwa. Mchezo wenyewe ni Wordle. Makala haya yanaeleza jinsi unavyofumbuliwa, jinsi washindani wanavyowekeana alama, na mambo yanayoibuka pindi masanduku yake yanapojazwa maneno ya Kiswahili.

Aliyeubuni ni Josh Wardle, mhandisi wa programu aliyezaliwa Wales na aliyekuwa akiishi Brooklyn, New York. Aliutengeneza kwa ajili ya mwenzi wake, Palak Shah, mpenzi wa michezo ya maneno. Shah ndiye aliyeyapitia maneno ya Kiingereza yenye herufi tano, yapatayo 12,000, akayachuja yale yanayofahamika na watu wengi. Orodha ya majibu ikawa na maneno 2,315. Aghalabu sifa zote humwendea mhandisi, lakini kazi ya Shah ndiyo iliyoufanya mchezo upendeke, kwa maana hakuna anayefurahia kushindwa na neno asilopata kulisikia. Mchezo ulitolewa kwa umma Oktoba 2021. Tarehe 1 Novemba mwaka huo ulichezwa na watu 90. Tarehe 2 Januari 2022 wachezaji walikuwa wamepita 300,000, na mwisho wa mwezi huo gazeti la The New York Times likatangaza kwamba limeununua. Mbinu yenyewe haikuwa ngeni. Jotto, mchezo wa kukisia neno la herufi tano uliochezwa kwa kalamu na karatasi, ulikuwapo Marekani tangu 1955, na mwaka wa 1987 kipindi cha televisheni cha Lingo kilianza kuwashindanisha watu kwa masharti yanayokaribiana sana na haya ya leo.

Masharti ni machache. Kila siku kuna neno moja la siri, na ni lile lile kwa wachezaji wote. Mchezaji ana majaribio sita. Kila jaribio sharti liwe neno halisi la herufi tano. Mfuatano wowote tu wa herufi haukubaliki. Akishaliandika, kila herufi hupewa rangi: kijani ikiwa imo nenoni na iko mahali pake, manjano ikiwa imo lakini mahali pake ni pengine, kijivu ikiwa haimo.

Tuchukue neno la siri kuwa ELIMU. Mchezaji asiyelijua anaanza kwa ASALI. A zote mbili zinakuwa kijivu, na S pia. L na I zinakuwa manjano. Kwa macho ya haraka jaribio hilo limeambulia herufi mbili tu, lakini kwa anayeujua muundo wa Kiswahili limeleta habari nyingi. Kutokuwapo kwa A, herufi inayotumika kuliko zote katika lugha hii, kumeondoa sehemu kubwa ya kamusi kwa mkupuo mmoja. Tena, maneno ya Kiswahili sanifu huishia kwa irabu, ukiacha majina ya watu na maneno machache ya mkopo. Kwa kuwa A haimo, na I imekwisha kukataliwa katika sanduku la tano, sanduku hilo limebakiwa na E, O au U. Mchezaji wa Kiingereza hawezi kuota bahati ya namna hiyo katika jaribio la kwanza.

Jaribio la pili ni KILIO. K na O zinakuwa kijivu, L ni manjano tena, I ya kwanza ni manjano, na I ya pili ni kijivu. Rangi hiyo ya mwisho huwakanganya wengi, wakadhani mashine imejipinga yenyewe. Haijajipinga. Neno la siri lina I moja tu. Hiyo moja imekwisha kuhesabiwa kwa I ya kwanza, na ya pili haina pa kushika. Kutokana na hapo mambo hujipanga: L imefukuzwa katika sanduku la tatu na la nne, I imefukuzwa katika la pili, la nne na la tano, na neno linaishia kwa E au U. Umbo linaloingia akilini ni L katika sanduku la pili na I katika la tatu. Msomaji wa kamusi ataliona ELIMU karibu peke yake na kumaliza mchezo kwa jaribio la tatu.

Papo hapo ndipo matatizo yanapoanza, maana ELIMU liko peke yake katika kamusi tu. Katika vinywa vya wasemaji yapo pia MLIPE, ULIPE, ULIME, ULIZE na MLIZE. Yote yana herufi tano, yote yana L ya pili na I ya tatu, yote yanaishia kwa E, na hakuna hata moja ambalo Mswahili angelikana kuwa si neno. MLIPE lina hata maana mbili, moja ya kuwaambia watu wengi walipe na nyingine ya kumwambia mmoja amlipe mwenzake. Mchezaji ambaye angemaliza kwa jaribio la tatu sasa ana majibu sita mkononi na majaribio manne.

Kiingereza kilikwepa tatizo hili kwa gharama ndogo. Wingi wa kawaida unaoundwa kwa kuongeza S uliachwa nje ya orodha ya majibu, na maumbo ya kitenzi cha Kiingereza ni machache kiasi kwamba mtu anaweza kuamua juu ya kila moja. Kitenzi cha Kiswahili hakivumilii udhibiti huo. Mzizi -lip- pekee unatoa ULIPE, ALIPE, MLIPE na ILIPE katika herufi tano, na kila mzizi wa muundo kama huo utatoa vivyo hivyo. Orodha hapa inakuzwa na kanuni ya uambishaji, na kanuni haina ukurasa wa mwisho. Mwanafunzi aliyesoma kutofautisha neno la kiothografia, leksimu na neno la kisarufi akidhani ni mapambo ya wanaisimu ataona hapa kwamba kila mojawapo ya dhana hizo inazaa mchezo wake, wenye ugumu wake na alama zake.

Inaweza kusemwa kwamba dawa ni rahisi: vikubaliwe vidahizo vya kamusi tu. Ni dawa inayofanya kazi, lakini ina uchungu wake. JICHO na MACHO yote yana herufi tano. La kwanza ni kidahizo, la pili limetiwa chini ya la kwanza kama wingi wake, hivyo JICHO lingekubaliwa na MACHO likakataliwa, ilhali MACHO ndilo linalosikika zaidi katika mazungumzo. Mchezaji aliyekataziwa MACHO atalalamika, na atakuwa na haki ya kulalamika.

Tatizo la pili ni la herufi zenyewe. Masanduku ni matano, lakini matano ya nini? CHURA ni herufi tano na sauti nne, kwa kuwa CH ni sauti moja. SHAMBA ni herufi sita. SH ikihesabiwa kuwa moja, linakuwa na alama tano na kuingia mchezoni. NG'OMBE lina ritifaa ambayo hakuna aliyewahi kukubaliana na mwenzake kama ipewe sanduku au isipewe. Si Kiswahili pekee kinachokabiliwa na jambo hili. Kiwelshi, lugha ya nchi alikozaliwa Wardle, huzihesabu CH, DD, LL na jozi nyingine kuwa herufi moja moja katika alfabeti yake, na watunzi wa mafumbo ya maneno ya Kiwelshi huiandika kila jozi katika sanduku moja. Anayetaka kufuata njia hiyo kwa Kiswahili ana hoja nzuri ya kifonolojia. Anayekataa ana hoja nzuri pia, kwamba mchezo huu ni wa jicho na kidole kabla ya kuwa wa sikio.

Maadamu sharti lolote limekubaliwa, ufumbuzi wenyewe ni maarifa. Katika kila lugha jaribio jema ni lile linaloigawa orodha ya majibu yaliyosalia katika mafungu mengi madogo. Sanduku moja lina rangi tatu, hivyo masanduku matano yana mipangilio 243 ya rangi (mitano kati yake haiwezekani, kwa kuwa herufi nne zikiwa mahali pake ya tano haina pa kuhamia). Jaribio linaloweza kuleta mipangilio mingi tofauti hufundisha mengi hata likikosea herufi zote.

Katika Kiswahili maarifa hayo yanapata msaada wa sarufi. Mfano mmoja ni ulinganifu wa irabu. Tuseme mchezaji amepata O katika sanduku la pili na A katika la tano, na anashuku kitenzi cha kauli ya kutendea. Hana haja ya kupoteza jaribio akiuliza kama sanduku la nne lina I au E. Baada ya O kiambishi huwa -e-, ndiyo maana tuna SOMEA na ZOMEA, ilhali baada ya A, I na U huwa -i-, kama PATIA, PIKIA na RUKIA. Katika kauli ya kutendua nako U hugeuka O, tukapata BOMOA kando ya PASUA. Lakini ole wake anayeitegemea kanuni hiyo kupita kiasi. KOFIA ni nomino na haihusiki na viambishi vya kitenzi, na HOFIA, lililotokana na hofu yenye asili ya Kiarabu, linaendelea na I yake baada ya O. Atakayepata O ya pili na A ya mwisho akasahau maneno ya mkopo atafika jaribio la sita akijiuliza amekosea wapi.

Mtego mkubwa zaidi ni ule wa majirani, yaani maneno yanayotofautiana kwa herufi moja. Kiswahili kimejaliwa majirani wengi kwa sababu silabi zake ni chache na zimepangika. Jamii ya -AMBA ndiyo mfano bora: BAMBA, GAMBA, KAMBA, LAMBA, MAMBA, NAMBA, PAMBA, RAMBA, TAMBA na WAMBA (la kuwamba ngoma), ukiacha moja ambalo adabu inazuia kulitaja. Mchezaji aanzaye kwa KAMBA akapata kijani nne hushangilia mapema. Amebakiwa na majaribio matano, na maneno yanayowezekana ni tisa. Akiyajaribu moja baada ya jingine, uwezekano wa kuokoka ni tano kwa tisa.

Mjuzi hufanya jambo linaloonekana kama wazimu: huziacha kijani zake zote nne na kuandika NGELI. Neno hilo haliwezi kuwa jibu, na yeye analijua hilo. Analitumia kuuliza maswali matatu kwa pamoja. N ikiwa kijani, jibu ni NAMBA. G ikiwa manjano, ni GAMBA. L ikiwa manjano, ni LAMBA. Zote zikikataa, anaandika MTEPE, jina la jahazi la kale la kushonwa kwa kamba. Hapo M ikiwa kijani jibu ni MAMBA, T ikiwa manjano ni TAMBA, P ikiwa manjano ni PAMBA. Hata bahati ikimnyima kila kitu amebakiwa na BAMBA, RAMBA na WAMBA, na majaribio matatu ya kuyamalizia. Hawezi kushindwa. Wordle ina hali ngumu ambayo mchezaji akiichagua hulazimika kuzitumia herufi alizokwisha kuzipata, nayo huifunga njia hii kabisa. Anayecheza -AMBA katika hali ngumu amejikabidhi kwa bahati.

Kuna kikwazo kimoja katika mbinu hii. Neno la Kiingereza la herufi tano linaweza kubeba konsonanti nne bila taabu. La Kiswahili hubeba mbili au tatu, kwa kuwa kila konsonanti hudai irabu yake. Maneno kama MCHWA, lenye irabu moja, ni ya kuhesabika. Ndiyo maana maneno yaanzayo kwa M au N inayotangulia konsonanti nyingine, kama yale mawili ya hapo juu, ni hazina kwa mshindani.

Kuhusu alama, desturi ya Wordle ni nyepesi. Idadi ya majaribio ndiyo alama, hivyo aliye na chache ndiye mshindi. Asiyefumbua hupewa herufi X, ambayo makundi mengi ya marafiki huihesabu kuwa saba. Mchezo pia hutunza msururu wa siku ambazo mtu hajashindwa, na wako wanaouthamini msururu huo kuliko wastani. Desemba 2021 Wardle aliongeza uwezo wa kuwatumia wengine viraba vya rangi visivyo na herufi, akifuata ubunifu wa wachezaji wa New Zealand. Mtu akawa anaweza kujigamba pasipo kulifichua neno, na hapo ndipo ushindani ulipoenea.

Je, alama hizo hupima ujuzi? Kwa siku moja, la. Anayepata kwa majaribio mawili leo aghalabu ameangukia neno la kwanza lililojaa kijani. Tuseme mmoja ni hodari kuliko mwenzake kwa sehemu mbili za kumi za jaribio kwa siku. Kwa juma zima tofauti yao ni jaribio moja na nusu hivi, ilhali neno moja baya linaweza kumgharimu yeyote majaribio mawili kwa usiku mmoja. Mashindano ya juma moja kwa hiyo hutawaza wenye bahati. Ya miezi kadhaa huanza kumtambua mjuzi. Kikomo cha ujuzi pia kinajulikana. Mwaka wa 2022 Dimitris Bertsimas na Alex Paskov wa MIT walithibitisha kwamba kwa ile orodha ya maneno 2,315 hakuna mbinu inayoweza kushuka chini ya wastani wa majaribio 3.42. Anayedai wastani wa tatu kwa mwaka mzima basi, isipokuwa anatunza kumbukumbu ya maneno yaliyokwisha kutumika, ana bahati ya ajabu au ana rafiki anayeamka mapema. Mwaka huo huo gazeti lilitoa programu ya kuukagua mchezo wa mtu baada ya kumaliza, nayo humpa alama mbili tofauti, ya ujuzi na ya bahati, kila moja ikiishia 99.

Waswahili walikuwa na utaratibu wao wa kuhesabu ufumbuzi kabla ya haya yote. Mtegaji husema "Kitendawili!" nao hujibu "Tega!" Wakishindwa hudai wapewe jibu, naye husema "Nipeni mji." Hupewa mji, asipoupenda hukataa, apewe mwingine. Akiridhika huingia mjini kwa maneno, akajisifu alivyopokewa na kukirimiwa huko, kisha ndipo anapotegua. Mwisho wa barazani huhesabiwa miji. Hapa alama hutozwa kwa kushindwa, na huenda kwa aliyetega. Wordle haina mtegaji wa kupewa mji. Aliyeipanga orodha hayupo barazani, na neno likimshinda kila mtu siku hiyo hakuna anayetajirika.

Tofauti hiyo inaonekana zaidi panapotokea ubishi. Katika vitendawili, jibu ambalo mtegaji hakulitarajia linaweza kutetewa. Wazee husikiliza, na likiwa na mantiki mtegaji huzomewa kwa ubahili wake na mji hautolewi. Programu haina baraza. Andika MLIPE, nayo ama italipokea au italikataa, kwa uamuzi uliofanywa zamani na mtu aliyeketi na orodha. Kwa Kiingereza mtu huyo alikuwa Palak Shah, na kazi yake ilikuwa kuuliza kama neno linajulikana. Atakayeifanya kazi hiyo kwa Kiswahili atakuwa na maswali matatu zaidi mbele ya kila neno: kama ni kidahizo au umbo la kuambishwa, kama CH ni moja au mbili, na kama LAMBA na RAMBA ni maneno mawili au ni neno moja lililotamkwa na watu wawili.